Jinsi ya kushuti video ya wimbo: midomo, midundo na mikato

Katika video ya muziki sauti imekwisha kukamilika kabla kamera haijawashwa. Mwongozaji wa filamu anaweza kurefusha ukimya, kuchelewesha jibu la mhusika au kuongeza dakika mbili kwenye ugomvi. Wa video ya wimbo hana nafasi hiyo. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 30 utabaki wa dakika 3 na sekunde 30, na kila mdundo una mahali pake. Mbinu nyingi unazoziona kwenye video hizi, kuanzia mikato ya haraka hadi mwendo wa polepole wenye midomo inayokubaliana na maneno, zimetokana na sharti hilo: picha inaifuata sauti. Anayepanga picha kwanza na kuutafutia wimbo nafasi baadaye hulipia kosa hilo wakati wa kuhariri.

Wimbo kwanza, kamera baadaye

Mtayarishaji akupe faili la mwisho la wimbo, lililokwisha kuchanganywa na kufanyiwa masta (usafishaji wa mwisho wa sauti), katika WAV, faili la sauti isiyobanwa, ya 48 kHz. Demo, rekodi ya majaribio, haitoshi hata kama masikioni ni ile ile. Kati ya demo na masta watayarishaji huondoa baa nne (baa ni kipande cha wimbo, mara nyingi cha midundo minne), hurudia kiitikio mara moja zaidi, au hugusa kasi kidogo tu. Hicho kidogo kinatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Wimbo wa BPM 100, yaani midundo 100 kwa dakika, ukipandishwa hadi 101 tofauti ni asilimia 1, na ikifika dakika ya 3 midomo na sauti zimeachana kwa karibu sekunde 1.8.

Kaa na wimbo huo na karatasi. Andika dakika na sekunde ambapo kila sehemu inaanza: utangulizi, ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, daraja, kiitikio cha mwisho, na mkia wa sauti unaofifia. Kisha tafuta urefu wa mdundo mmoja kwa fremu, zile picha moja moja zinazounda video: zidisha fremu kwa sekunde kwa 60, halafu gawanya kwa BPM. Mradi wa fremu 25 kwa sekunde na wimbo wa BPM 100 unatoa fremu 15 kwa mdundo, yaani fremu 60 kwa baa ya midundo minne. Mradi wa fremu 24 na BPM 120 unatoa fremu 12. Jibu lisipokuwa namba kamili (BPM 120 kwenye fremu 25 ni 12.5) usihangaike nalo, mkato utaangukia fremu iliyo karibu na jicho halitagundua.

Hesabu hii si ya mhariri peke yake. Ukitaka kamera ipande kutoka miguuni hadi usoni ndani ya baa mbili za wimbo huo wa BPM 100, mpigapicha ana sekunde 4.8. Aufanyie mwendo huo mazoezi huku wimbo unalia, mpaka mkono wake uzoee kufika kwa wakati.

Baada ya hapo amua video yako ni ya namna gani. Kuna uimbaji mbele ya kamera, kuna hadithi, na kuna wazo la picha ambalo si hadithi wala jukwaa: chumba kinachojaa maji, rangi zinazobadilika, mtu mmoja anayetembea kinyumenyume mjini. Nyingi huchanganya mawili. Ukiwa na muda mchache wa kushuti, chagua uimbaji na wazo moja la picha. Hadithi inahitaji waigizaji, mwanzo, kati na mwisho, na hadithi iliyobanwa isieleweke ni mbaya kuliko kutokuwa na hadithi kabisa.

Kuna kanuni moja hapa ambayo wanaoanza huivunja bila kujua. Mwimbaji anapoimba hutazama moja kwa moja kwenye lenzi, kwa sababu anamwimbia mtazamaji. Mwimbaji huyo huyo anapokuwa mhusika ndani ya hadithi haitazami lenzi kamwe. Ukichanganya macho, mtazamaji hajui anaangalia nini.

Midomo

Hapa ndipo video nyingi zinapoanguka, na hakuna rangi wala droni itakayoziokoa.

Kwanza, wimbo ukichezwa kwenye spika, mwimbaji aimbe kwa sauti juu yake. Asichezeshe midomo tu. Anayeimba kweli hupumua mahali pa kupumua, shingo yake hukaza kwenye noti za juu, mashavu hutetemeka, kifua hupanda. Anayechezesha midomo ana uso mlegevu, na mtazamaji huhisi kasoro hata asipoweza kuitaja. Hii ndiyo sababu spika ya kwenye shuti lazima iwe na nguvu ya kutosha kumfunika mwimbaji ili aimbe bila kujisikia aibu. Simu mkononi mwa msaidizi haifai kitu.

Ngoma halisi zikipigwa mbele ya kamera zitaimeza spika. Mpiga ngoma anatakiwa apige kwa nguvu inayoonekana lakini isiyosikika sana: weka taulo au sponji ndani ya ngoma, na vipande vya tepu upande wa chini wa visahani vya shaba vya ngoma. Asipige hewani. Fimbo isiyogusa ngozi hujulikana papo hapo.

Mwanzoni mwa faili litakalochezwa kwenye spika, kabla ya wimbo, weka milio mitatu mifupi yenye nafasi ya mdundo mmoja mmoja. Kila mtu ataingia pamoja, na wewe utapata alama za kulinganishia wakati wa kuhariri. Afadhali zaidi, tengeneza video nyeusi yenye saa kubwa inayohesabu muda wa wimbo, iunganishe na sauti, uichezee kwenye tableti. Kila teki (mara moja ya kurekodi) inapoanza, elekeza kamera kwenye tableti hiyo kwa sekunde moja kisha kwa mwimbaji. Mhariri ataona 01:12 na atajua mara moja shoti hiyo inakaa wapi.

Ukitumia mbinu ya tableti, unganisha spika kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa milisekunde 100 hadi 300, kwa hiyo saa iliyo kwenye kioo inakuwa mbele ya kile mwimbaji anachokisikia kwa fremu kadhaa. Kama unalinganisha kwa sauti iliyonaswa na maikrofoni ya kamera tatizo hilo halipo, maana kamera na mwimbaji wanasikia spika ile ile. Kwa hiyo usizime kamwe maikrofoni ya kamera eti kwa sababu sauti yake haitatumika. Inatumika kulinganisha.

Umbali nao una deni lake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, ambayo ni karibu mita 14 kwa kila fremu moja ya mradi wa fremu 25. Spika ikikaa mita 40 kutoka kwa mwimbaji kwenye uwanja mpana, ataimba akiwa amechelewa fremu tatu. Isogeze spika karibu naye, nje tu ya fremu, au mpe kifaa kidogo cha sikioni.

Wakati wa kuhariri, usilinganishe kwa kutazama mdomo ukifunguka. Tafuta herufi zinazoufunga: b, p na m. Kiswahili kimejaa maneno yenye mb na mp, na kila moja lina fremu moja au mbili ambamo midomo imegusana kabisa. Ipate fremu hiyo, ipate sehemu ile ile kwenye wimbo, ziweke pamoja. Hakiki kwa neno la pili mwishoni mwa shoti. Mwanzo ukikaa sawa na mwisho ukawa umeteleza, kosa liko kwenye kasi ya fremu.

Mtelezo wa namna hiyo una vyanzo viwili vya kawaida. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika, na programu za kuhariri huyumba nayo; tumia programu ya kamera inayofunga kasi kwenye 25 au 24, au geuza mafaili kuwa ya kasi moja thabiti kabla ya kuanza kuhariri. Chanzo cha pili ni kuchanganya 24 na 23.976. Tofauti ni moja kwa elfu, lakini kwenye wimbo wa dakika 4 inafikia sekunde 0.24, karibu fremu sita.

Ukishindwa kupata ulinganifu kamili, acha sauti ichelewe kidogo kuliko kuwahi. Mapendekezo ya utangazaji ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, yanaweka mpaka wa mtu kugundua kasoro kwenye milisekunde 45 sauti ikiwahi, na 125 ikichelewa. Sisi wote tumezoea kuona kwanza na kusikia baadaye.

Mwendo wa polepole wenye midomo sahihi

Nywele zinapepea taratibu, nguo inaelea, na bado mwimbaji anatamka maneno kwa kasi ya kawaida. Siri yake ni kugawanya: fremu za kamera kwa fremu za mradi. Kamera ikiwa 50 na mradi 25, wimbo uchezwe kwa asilimia 200 wakati wa kushuti. Kamera 30 na mradi 25 ni asilimia 120. Kamera 30 na mradi 24 ni 125. Mwimbaji anaimba haraka, kisha unapoirudisha klipu kwenye fremu 25 mdomo unakaa kwenye kasi ya wimbo na mwili unabaki mlaini.

Harakisha wimbo kwa programu inayotunza sauti isipande kuwa nyembamba, la sivyo mwimbaji atacheka badala ya kuimba. Harakisha pamoja na ile saa ya tableti, ili namba zinazoonekana zibaki za wimbo wa asili. Hili ni la lazima hasa kwa sababu kamera nyingi hazirekodi sauti zikiwa kwenye hali ya mwendo wa polepole; bila saa wala kofi la klapa, ule ubao unaogongwa mwanzoni mwa teki, utabaki ukikisia.

Asilimia 200 inafaa mistari ya taratibu na viitikio virefu. Kwa rapu haiwezekani: wimbo wa BPM 130 unakuwa 260, na hakuna ulimi utakaofika. Kwa mistari ya haraka kaa kwenye 120 hadi 125. Mwendo unakuwa na uzito kidogo tu, na mara nyingi huo ndio unaopendeza zaidi. Mshutie mwimbaji mistari minne minne, usimpe wimbo mzima. Kuimba kwa kasi maradufu kunachosha haraka.

Kinyume chake pia kipo. Shuti kwa fremu 12 huku wimbo ukichezwa nusu ya kasi kwa mradi wa 24, na ulimwengu wote nyuma ya mwimbaji utakimbia kwa mitetemo huku yeye akiimba sawasawa. Ukitaka watu warudi kinyumenyume huku yeye akitamka vizuri, geuza wimbo uanze mwisho na mwimbaji ajifunze kutamka sauti hizo zilizogeuzwa. Ni kazi ya siku kadhaa za mazoezi. Ifanye kwa mistari michache.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iende na fremu: fremu 25 kwa 1/50 ya sekunde, fremu 50 kwa 1/100. Kila unapozidisha fremu mara mbili unapoteza nusu ya mwanga, kwa hiyo shoti za polepole za usiku zinahitaji taa za ziada. Angalia pia umeme. Penye umeme wa hertz 50, taa nyingi hupwitapwita mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/50 au 1/100 huificha hali hiyo. Penye hertz 60 tumia 1/60 au 1/120. Ukikosea utaona mistari ya giza ikipanda kwenye ukuta, na hutaiondoa kwa urahisi baadaye.

Shoti za kupata kila mahali

Kwa kila lokesheni, shuti wimbo mzima bila kusimama angalau mara tatu: shoti pana, shoti ya kiunoni, na klozapu ya uso. Wimbo wa dakika tatu na nusu, ukijumlisha kujipanga upya, kufuta jasho na kurudisha wimbo mwanzo, hula dakika 10 hadi 12 kwa teki. Panga teki tano kwa saa na si zaidi.

Anza na pana, maana taa zote hupangwa kwa ajili yake. Kisha nenda usoni mapema, kabla vipodozi havijayeyuka na macho hayajachoka. Vipande vidogo vije mwisho: vidole kwenye nyuzi, viatu, pete, mkono unaoshika maikrofoni. Hivyo ndivyo vitakavyoficha makosa yote ya midomo, kwa hiyo usivishuti kwa haraka ya kwenda nyumbani. Pata kama kumi kwa kila lokesheni.

Lenzi ya milimita 24 ikikaribia uso hurefusha pua na kusukuma masikio nyuma. Watu wa hip hop wameifanya hiyo kuwa lugha yao, kamera ikiwa chini na mkono ukija kwenye lenzi. Kwa wimbo wa mapenzi tumia 50 au 85.

Uchezaji una sheria zake. Miguu isikatwe kwenye shoti pana. Mchezaji asiyeonekana miguu ni nusu mchezaji. Kamera ikae usawa wa kiuno, lenzi ya 35, na uache angalau midundo minane ipite bila mkato ili kazi ya mtunzi wa miondoko ionekane. Ukikata, kata katikati ya mwendo, mkono ukiwa njiani. Hapo jicho linaufuata mkono na halioni mkato.

Kuhusu mpangilio wa sehemu: kiitikio hurudi mahali pake, beti husonga mbele. Mtazamaji akisikia kiitikio kwa mara ya pili anataka kuiona tena ile picha kubwa aliyoipenda, lakini iwe imeongezeka kitu: watu zaidi, nguo nyingine, usiku badala ya mchana. Kiitikio cha mwisho kipewe shoti bora kuliko zote, kwa hiyo usizimalize mwanzoni.

Mwanga, moshi na kijani

Taa ya nyuma pamoja na moshi mwepesi wa jukwaani hutoa kina ambacho taa ya mbele haiwezi kukitoa. Moshi una tabia ya kubadilika: teki ya kwanza ni mzito, ya tatu umekwisha. Zima feni, funga milango, subiri usambae, na ulinganishe kila teki na picha ya teki iliyotangulia. Kwa ngozi nyeusi pima mwanga kwa uso wenyewe, na badala ya kuongeza nguvu ya taa ya mbele tumia chanzo kipana cha pembeni, kitambaa cheupe au ubao mkubwa, ili ngozi ipate mng'ao.

Taa za kumwekamweka zinahitaji uangalifu wa kweli. Mwako unaozidi mara tatu kwa sekunde unaweza kusababisha kifafa kwa baadhi ya watazamaji, hasa ukijaza skrini au ukiwa mwekundu. Punguza kasi, au weka onyo mwanzoni. Kwenye kamera nyingi taa hizo pia huacha fremu zenye nusu nyeupe na nusu giza, kwa sababu kihisi cha kamera husoma picha mstari kwa mstari.

Pazia la kijani, ambalo baadaye hubadilishwa na mandhari nyingine: mwimbaji asimame mita 2 hadi 3 mbele yake, pazia lipate taa zake peke yake zilizo sawa kila kona, na nguo zisiwe na kijani wala vitu vinavyong'aa. Inua shata kidogo ili kingo za mikono zisifutike.

Mikato

Weka wimbo wa masta kwenye taimlaini (mstari wa muda wa programu ya kuhariri), ufunge usisogee, kisha weka alama kwenye kila mwanzo wa baa. Panga teki zote za uimbaji juu yake, moja juu ya nyingine, zote zikiwa zimelinganishwa. Kata kwanza toleo la uimbaji mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Likisimama lenyewe, ndipo uingize hadithi na vipande.

Mkato ulioangukia mdundoni kabisa mara nyingi huhisi umechelewa, kwa sababu jicho linahitaji muda kidogo kuitambua picha mpya. Usogeze fremu moja au mbili kabla ya mdundo na utaona unakaa. Na usikate kila mdundo. Baada ya sekunde ishirini za hivyo mtazamaji anatabiri kila mkato, na msisimko unakufa. Kaa midundo minane, kata baada ya minne, ongeza kasi wimbo unapopanda, kisha wimbo unapofunguka kwenye kiitikio shikilia shoti moja pana kwa baa nzima. Mkato unaweza pia kufuata neno, pumzi au gitaa badala ya ngoma.

Kwa mpito wa kuzungusha kamera kwa kasi, shoti ya kwanza imalizie kwa kugeuka kulia na ya pili ianze kwa kugeuka kulia, kasi ile ile, na mkato uwe katikati ya ukungu wa mwendo huo. Mpito wa mtu kupita mbele ya lenzi hufanya kazi hivyo hivyo. Chagua aina moja au mbili za mipito kwa video nzima. Zikijaa zinaonekana kama maonyesho ya programu.

Kumalizia

Ukitaka toleo la wima, kumbuka tangu siku ya kushuti kwamba fremu ya 3840 kwa 2160 ikikatwa kuwa 9:16 inabaki na upana wa 1215, chini kidogo ya theluthi moja. Weka alama kwenye skrini ya kamera na uso usitoke hapo.

Jina la msanii, la wimbo na la mwongozaji chini kushoto, mwanzoni na mwishoni, ni desturi iliyoenezwa na MTV, ambayo ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Agosti 1981. Bado inafaa, yaache yasomeke kwa sekunde nne au tano. Kabla ya kutoa kazi, pata idhini ya maandishi kutoka kwa wenye wimbo na kila anayeonekana sura yake.

Toa faili la kutunza kwa ProRes 422 HQ (mfumo wa ubora wa juu) na la kupakia mtandaoni kwa H.264 (mfumo unaobana faili liwe dogo), sauti ikiwa ile WAV ya masta, si iliyonaswa na kamera. Zima kabisa sauti za klipu zote. Ikibaki moja tu utasikia mwangwi hafifu chini ya wimbo. Usikate mkia wa sauti mwishoni. Hakiki faili lenyewe lililotoka, siyo taimlaini, kwenye simu na kwenye skrini kubwa, ukitazama midomo kwenye mstari wa kwanza na wa mwisho. Tunza pia nakala isiyo na maandishi yoyote juu ya picha. Vituo na wasambazaji huiomba.